Mabaka kwenye Bunduki ya Baba

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Kaka Usama kaja. Leo, Jumamosi! Nikajua kuna jambo. Siku yake ni Ijumaa: anatoka kwake Mbweni na kanzu iliyonyooka, anambusu Baba mkono, anapiga picha, anaondoka kabla chai haijapoa. Leo kakaa saa nzima. Kasifia hata chai.

Anataka ufunguo wa kabati la chuma. Bunduki ya Baba ya kuwindia.

Nikamwambia leseni ni ya Baba, si yako. Akacheka — kwani mie naenda kuua mtu? Marafiki zake wa Msasani wanakwenda porini siku ya Nane Nane, wamemwalika, na kila mmoja bunduki yake imepakwa mabaka, rangi za majani na matope, mpaka darubini. Yeye aende na kigongo cha mzee chenye kutu? Kanionyesha video kwenye simu. Mzungu mwenye ndevu, nyuma ya nyumba yake, anaweka majani juu ya bunduki, anapuliza rangi, anatoa majani, anapuliza tena. Anaelekeza kwa raha zake utadhani anapika biriani.

"Wewe ndo mwenye mkono, Khulu. Mie nikishika brashi nachafua tu."

Mkono! Miaka kumi na moja napaka maharusi piko na hina, leo ndiyo nina mkono. Siku zote alichonacho cha kusema ni kwamba nanuka mkaratusi, yale mafuta ninayotia kwenye hina.

Baba alikuwa kitandani anasikiliza. Huu mwaka wa pili tangu kiharusi. Upande wa kulia umekufa na maneno yamekwenda, amebaki na mkono wa kushoto na "mm". Kaka kamuinamia: Baba, niichukue? Baba kasema mm. Kaka kasema umeona, karidhia. Lakini mm yake ya ndiyo na mm yake ya hapana nazijua mimi, ninayemwogesha. Ile haikuwa ya ndiyo.

Ufunguo nimempa. Sijui kwa nini. Najua — kwa sababu yeye ndiye mtoto wa kiume, na mimi ni yule niliyerudishwa kwetu na sanduku moja.


Jumapili, 4 Agosti

Makelele asubuhi nzima. Kaka kaja na grenda kutoka dukani kwetu, kaiweka bunduki kwenye benchi la uani, anasugua kutu kwenye chuma. Cheche zinaruka. Bi Tabu wa jirani kachungulia juu ya ukuta, kauliza mnachomea geti? Kaka kamjibu ndiyo, Bi Tabu, geti.

Nilipotoka na chai chuma kilikuwa kinang'aa kama sufuria ya dukani. Nikasema hapo ubavuni palikuwa na namba. Naijua. Nilipokuwa mdogo Baba alikuwa ananipa kitambaa chenye mafuta nipanguse palepale, na ukucha wangu ulikuwa unaingia kwenye zile tarakimu.

Kasema kutu tu hiyo. Nikasema si kutu, kaka, ni namba. Akazima grenda, akanitazama kama mteja msumbufu.

"Namba si ipo kwenye kitabu cha leseni? Kitabu kipo kabatini. Wasiwasi wa nini?"

Nikaona ni kweli. Sie watu wa duka, kwetu kitu ni karatasi yake. Ukiwa na karatasi unacho, ukipoteza karatasi huna. Tumekuzwa hivyo. Nikamwachia chai yake nikaingia ndani.

Alipomaliza kakusanya grenda yake kaondoka. Mbao ya kitako kaniachia mimi niipige msasa.


Jumatatu, 5 Agosti

Nimepaka.

Niandike ukweli kwa kuwa hapa hapana msomaji: nilifurahi! Siku nzima nilifurahi kama mwehu.

Makopo aliyoleta Kaka yalikuwa ya kung'aa, kijani kama ya milango ya msikiti. Ukimpelekea swala kijani kile atakuona kutoka mkoa wa pili. Kwa hiyo nikaweka yale makopo pembeni, nikachanganya rangi zangu mwenyewe kwenye vibakuli vya hina. Ya mafuta, kijani na nyeusi na njano kidogo, nikaikata na tina iwe nyepesi. Nikatia poda ya mtoto, ile ninayompaka Baba mgongoni, nikakoroga mpaka mng'ao ukafa. Hilo halimo kwenye video ya Mzungu. Hilo nimelitoa kichwani. Nikapata kijani cha jani lililopigwa vumbi. Kisha kahawia — nikaichanganya mara nne mpaka ikafika pale pa hina iliyolala siku tatu mkononi.

Rangi ya vumbi kwanza, bunduki nzima. Ikakauka juani. Halafu neti ya vitunguu! Nimeikata, nikaivuta juu ya kitako, nikagonga kwa sponji. Nilipoivua kulikuwa na magamba kama ya kenge. Nikapiga kelele peke yangu uani. Majani nilichuma mwarobaini, nikayabana kwa tepu, nikagonga kahawia pembeni mwake. Kwenye mtutu majani hayakukaa, chuma chembamba, kwa hiyo pale nimechora kwa mkono, kwa brashi ya piko, jani moja moja. Unyasi umepanda kutoka kwenye kifyatulio mpaka mdomoni pa mtutu, kama unavyopanda kwenye mkono wa bibi harusi kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Ila huyu bibi harusi hakunikalisha na kuniambia mkono umekufa ganzi.

Maharusi wanataka maua yaleyale. Wanakuja na picha kwenye simu: kama hii, sista, kama hii hasa. Leo hakuna aliyeniambia kama hii.

Baba aliita mara mbili. Nilisikia. Nikasema nakuja, nakuja. Nilipokwenda alikuwa amelowa, na shuka imelowa, na anatazama dari. Nikamwomba radhi.


Jumanne, 6 Agosti

Kaka kaja kuichukua. Kaigeuza, kaigeuza tena. Kaiegemeza kwenye ua wa michongoma kule nyuma, karudi hatua kumi, kaitafuta kwa macho. Kasema, "Mh! Khulu! Siioni, wallahi siioni."

Kanishika bega. Sikumbuki mara ya mwisho.

Nimemwambia usiikwaruze, rangi haijashika vizuri, iache siku mbili. Kasema sawa, fundi.

Fundi!


Alhamisi, 8 Agosti. Nane Nane

Nimeangalia picha aliyoweka mtandaoni. Yeye na wenzake watano, miwani myeusi, magari nyuma. Bunduki kaishika kifuani. Nzuri! Kuliko zao zote, zile za kununua zinaonekana kama shuka za hoteli.

Chini mwenzake kauliza, nani kakufanyia hii braza? Kaka Usama kajibu: fundi mmoja wa Arusha, anafanyaga za watalii, kumpata kazi.

Nimesoma mara tatu. Fundi wa Arusha. Anafanyaga za watalii.

Mimi nilikuwa nakanda unga wa chapati za Baba. Nimekanda mpaka ukawa mgumu kama mpira, nimetupa.


Jumamosi, 10 Agosti

Kairudisha. Hata risasi hakupiga, anasema wanyama walikuwa mbali. Hakukaa. Kamkabidhi Baba bunduki kitandani, eti azione rangi mpya, akasema ana mgeni nyumbani, akaondoka. Mimi ndiye niliyebaki chumbani.

Baba kaitazama kwa muda mrefu. Mkono wa kushoto ukapita kwenye kitako. Mbao ile alikuwa anaipaka mafuta ya nazi kila Idi, yeye mwenyewe, hata mama hakuruhusiwa kuishika, Mungu amrehemu. Ilikuwa nyekundu kama tende. Vidole vyake vikapita kwenye magamba yangu, kwenye majani yangu. Vikaenda ubavuni pa chuma, vikatafuta. Vikarudi. Vikatafuta tena.

Nikasema Baba, nikuwekee kabatini?

Akaushika mkono wangu. Akauvuta mpaka puani. Akaunusa — mkaratusi, kila siku mkaratusi, hautoki hata kwa ndimu. Akauachia. Hakuusukuma, aliuachia tu, kama mtu anayerudisha sahani isiyo yake.

Akageukia ukutani. Uji wa jioni kakataa.


Jumapili, 11 Agosti

Uji kakataa. Mchana kala vijiko vitatu, na macho kafumba.

Nimempigia Kaka. Kasema wazee ndivyo walivyo, atazoea.


Jumatano, 14 Agosti

Mjumbe wetu, Mzee Marijani, kapiga hodi saa nne. Kavua viatu, kamsalimia Baba, kamwombea dua, kisha kaniita barazani. Kuna uhakiki wa silaha. Kila mwenye leseni apeleke silaha yake na kitabu kituoni, mwisho Jumatatu. Mwenyewe aende na mwili wake, hata kama anabebwa. Yeye kapewa orodha ya mtaa, na mtaa wetu wote silaha ni mbili: ya Baba na ya mlinzi wa duka la dawa.

Kaniomba aione tu, aweke alama kwenye karatasi.

Nikaileta. Mzee Marijani kanyanyua miwani.

"Mwanangu! Hata fulana ya mabaka watu wanavuliwa barabarani, nyie mmeivalisha bunduki?"

Nikasema si mabaka ya jeshi, shekhe, ni majani ya mwarobaini. Alinitazama, nikaona aibu. Kweli, nilijifanya sijui? Mtoto wa darasa la pili anajua raia havai mabaka. Fundi cherehani wa kona ile alikamatwa kwa kaptula moja tu, na ilikuwa ya mtumba. Mimi siku ile uani sikufikiri nguo wala jeshi. Nilifikiri kahawia.

Halafu Mzee Marijani kaigeuza, anatafuta namba alinganishe na orodha. Katafuta pande zote mbili. Kasugua kwa kidole gumba. Kaniuliza ipo wapi.

Nikasema ipo kwenye kitabu. Maneno yamenitoka, sauti ni ya Kaka Usama.

Kaiweka bunduki chini. Kisha kasema taratibu kwamba rangi ni kosa la kuvuliwa, mtu anaweza kuomba radhi. Lakini silaha isiyo na namba ni silaha ya jambazi. Watauliza imefutwa na nani, na kwa ajili ya nini. Leseni itakwenda, na mtu atakwenda. Mpigie kaka yako, mwanangu. Leo hii.

Nikachukua tambara na tina, nikasugua ubavuni peke yake. Rangi ikatoka. Chini yake chuma kitupu, laini, kinang'aa. Nikapitisha ukucha. Hakuna.


Ijumaa, 16 Agosti

Wamekuja wawili, Kaka na mkewe Hayat. Kanzu leo haikupigwa pasi.

Kwanza Kaka kanilaumu: kwa nini ulimwonyesha mjumbe? Nikamuuliza, ningemwambia nini, bunduki imetoka kidogo? Halafu kanywa maji, kabadilisha sauti. Sauti ile ya dukani, ya kumuuzia mtu bati lenye tundu.

"Khulu mdogo wangu. Namba tunayo, si ipo kwenye kitabu? Na wewe una mkono. Si uichonge tu palepale? Chuma mie ntakupa, kile kikali cha mafundi. Unaandika kama ilivyokuwa, tunaipaka weusi, imeisha hiyo. Nani atajua?"

Una mkono. Mara ya pili kwa mwezi mmoja!

Nikasema hapana.

Sijawahi kumwambia hapana. Hata mimi nilishtuka. Nikasema: kupaka nimepaka, na nikiulizwa nitasema nimepaka. Kufuta sikufuta mimi. Na kuandika namba ya uongo siandiki.

Kasema nani aliona mimi nikifuta? Nikasema mimi. Kasema na nani mwingine? Nikamkumbuka Bi Tabu, na kwamba aliambiwa ni geti.

Hayat kalia. Hakulia uongo, namjua, alilia kweli. Watoto wake wanasoma, wataitwa watoto wa jambazi, duka litafungwa. Kanishika miguu. Nilimwinua. Nampenda Hayat, ndiye pekee katika nyumba ile anayekumbuka siku yangu ya kuzaliwa. Nikamwambia twende sote kituoni tuseme kama ilivyokuwa, kwamba ni ujinga, si ujambazi. Tulikuwa tunataka kuondoa kutu na kupaka rangi. Baba mgonjwa, watatusikiliza.

Kaka kasema: sema wewe, nitakayeswekwa ndani ni mimi.

Kaingia chumbani kwa Baba, mlango kaacha wazi nisikie. Kamwambia Khulud anakataa kuinusuru nyumba hii. Dawa iko mikononi mwake na anakataa. Baba kasema mm.

Ile nayo naijua. Ilikuwa ya ndiyo.

Bunduki kaibeba kwenye shuka. Kasema ataishughulikia yeye.


Jumapili, 18 Agosti

Kairudisha adhuhuri. Kaiweka kabatini mwenyewe, kafunga mwenyewe, ufunguo kaninyooshea bila kunitazama. Kesho saa tatu, kasema. Mvalishe Baba vizuri.

Alipoondoka nimefungua.

Kaandika. Ubavuni, pale palipong'aa, kachonga namba kwa mkono wake. Yarabi! Tarakimu zinapanda mlima, zinashuka. Namba ina saba tatu, na zote tatu zimelala chali kama walevi. Kwenye moja chuma kimemteleza, kimekwenda mpaka kwenye majani yangu. Halafu kapaka peni nyeusi juu ili ionekane ya zamani. Imevuja.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka. Wazo limenijia, niliandike: mimi ningeichonga ikawa safi. Ningeweza. Ningepima kwa uzi, ningeanza na penseli, Baba asingeona tofauti hata kwa ukucha wake. Na kesho tungerudi nyumbani wote.

Nimefunga kabati. Nimempigia Kaka, nimemwambia usiipeleke hivyo, hata kipofu ataona. Bado hatujachelewa kusema kweli. Kakata simu.

Nimemnyoa Baba ndevu. Kaniangalia muda wote, na mimi nikaangalia wembe.


Jumatatu, 19 Agosti

Naandika nikiwa kituoni, kwenye benchi la ukutani. Daftari hili lilikuwa ndani ya mkoba pamoja na dawa za Baba. Hakuna aliyenikataza.

Tulifika saa tatu. Foleni ya wazee, kila mmoja na kitu chake kwenye gunia au kanga. Baba kwenye kiti cha magurudumu, kofia nyeupe, kanzu ya Idi. Wengine walimpisha. Afande mezani anaitwa Cyprian, kibandiko kifuani, mtu wa bara, mpole. Kasimama kabisa kumwambia Baba shikamoo mzee, pole na maradhi. Nilifikiri, huyu ni mtu wa kuambiwa.

Kaka kafungua shuka.

Wazee wa kwenye foleni wakasogea. Mmoja kasema lahaula. Afande Cyprian kaichukua bunduki, kaipeleka dirishani kwenye mwanga, kaiangalia kama mteja anayekagua kitenge. Kwa kweli kaitazama kazi yangu kuliko mtu yeyote alivyoitazama. Kauliza kwa utulivu, mabaka haya kafanya nani?

Kaka kasema haraka: "Mdogo wangu huyu, afande. Anapakaga maharusi piko. Mie siishi pale, nipo Mbweni. Ufunguo anao yeye."

Fundi wa Arusha kapotelea wapi? Nilitaka kuuliza. Nikasema ndiyo afande, rangi nimepaka mimi.

Afande kashukuru. Kafika kwenye namba. Kaweka kidole. Kalamba kidole, kasugua, wino ukamtoka kwenye ncha. Kaita mwenzake. Wakainama wote wawili. Kitabu kikafunguliwa, namba ni hiyohiyo, hamna kosa hata moja, na hapo ndipo nyuso zao zikabadilika.

Nani kaichonga hii?

Kaka kashika kofia yake, kaivua, kaivaa. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo. Wallahi nilikuwa nimeufungua. Lakini afande akamgeukia mwenye leseni, kama ilivyo haki, akapiga goti mbele ya kile kiti, akasema mzee wangu, najua huwezi kuongea. Wewe nionyeshe tu. Ni nani kaichezea namba ya silaha yako?

Baba akainua mkono wa kushoto.

Ule mkono ninaoukata kucha, ninaoutia kijiko kwenye vidole viwili na kuusaidia mpaka mdomoni. Ulipanda polepole. Hakuharakisha. Angeharakisha ningesema kakosea. Ulipita kwa Kaka, haukusimama, ukanifikia mimi, ukatulia hapo. Kidole kikanyooka.

Na macho yake yalikuwa makavu. Alijua anachofanya. Ananijua mwandiko, yeye ndiye aliyenifundisha kuandika, kwenye mabokosi ya sabuni nyuma ya duka. Anajua sikuandika mimi. Kahesabu na kuona yupi wa kubaki na yupi wa kwenda, basi.

Afande kaniambia nikae hapa.

Kaka kaniletea chupa ya maji na maandazi mawili, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa hospitali ya Mwananyamala. Kainama, kaninong'oneza. Kayasema bila ubaya, ndiyo mbaya zaidi, kayasema kama ushauri.

"Wewe huna watoto, Khulu. Watakuonea huruma. Mie watoto wangu wanne."

Maandazi nimeyaweka kwenye benchi. Kuna nzi.

Nafikiria habari hii na nashindwa kulia. Ningelia kama Baba angenionea hasira. Hakunionea hasira. Na nani atamwogesha kesho? Hilo mbona hawajalijadili? Hayat? Kaka? Kaka hajui hata pampasi inafungwa upande gani.

Afande Cyprian kaleta karatasi ya maelezo. Juu imeshajazwa kwa maneno aliyoyatoa Kaka pale mezani wakati mimi nimekaa huku. Jina langu, sawa. Umri, kaongeza miaka miwili. Makazi, sawa. Kazi: hana.

Hana.

Nimelisoma nikacheka kwa sauti, mzee mmoja kwenye foleni kageuka. Nikamwambia afande, hili si kweli, nina kazi. Kasema basi rekebisha, mama, weka saini pembeni. Nimelikata neno kwa mstari mmoja ulionyooka. Nikaandika juu yake: fundi wa piko na rangi. Herufi zangu za kawaida, zile ninazoandikia majina ya maharusi viganjani. Nikatia saini, na namba yangu ya simu.

Afande kaichukua karatasi, kaanza kwenda. Kasimama katikati ya chumba. Kaitazama karatasi. Karudi mezani, kaiweka kando ya bunduki, ubavu kwa ubavu, namba yangu ya simu kando ya namba iliyochongwa, na kainama kwa muda mrefu.

Sikufanya kusudi. Au nilifanya? Sijui. Namba yangu ina saba mbili, zote zimenyooka.

Kaka kaona. Kasimama wima kama aliyeitwa.

Afande kanigeukia. Anasema, dada Khulud, njoo hapa mezani na kalamu yako hiyo, uniandikie saba, tatu tu zinatosha, hapa kwenye karatasi safi, watu wote wakiona.

Natazama upande wa Baba. Anatikisa kichwa. Anatikisa kushoto, kulia, kushoto, anasema mm, mm, na hii hata Kaka Usama anaijua ni ya nini.

Afande anasema, haya, kalamu —